Foleni Isiyoonekana: Kwa Nini Intaneti Hukwama Hata Kasi Ikiwa Imelipiwa

Chukulia ni saa nne asubuhi katika zahanati ya mashinani. Mama mjamzito amefika akiwa na shinikizo la damu lililopanda. Muuguzi wa zamu anampigia daktari wa hospitali kuu ya kaunti kwa simu ya video ili amweleze dalili na kumwonyesha vipimo. Picha inaganda. Sauti ya daktari inakatika katikati ya neno, na hapo ndipo alikuwa akitaja kiasi cha dawa. Muuguzi anauliza tena, swali linamfikia daktari baada ya sekunde tatu, na wote wawili wanajikuta wakizungumza kwa wakati mmoja.

Saa hiyo hiyo, kompyuta ya chumba cha rekodi inapakia nakala za kumbukumbu za wiki nzima. Kompyuta ya duka la dawa inapakua toleo jipya la programu bila kuulizwa na mtu. Nje kwenye benchi, watu kumi na watano wanaosubiri kuhudumiwa wameingia kwenye Wi-Fi ya zahanati na wanatazama video. Zahanati inalipia megabiti 10 kwa sekunde, ile namba ambayo matangazo huandika Mbps 10, na pesa hizo ni za mlipa ushuru.

Wengi wakiona hali hii husema intaneti ni ndogo, inunuliwe kubwa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini sauti ya daktari katika simu kama hiyo huhitaji takriban kilobiti 80 kwa sekunde, chini ya sehemu moja ya mia ya njia iliyolipiwa. Nafasi ya sauti ilikuwepo. Kilichokosekana ni mpangilio wa nani apite kwanza na nani angoje. Wataalamu wa kompyuta huita kazi hiyo usimamizi wa ubora wa huduma, na ni jambo ambalo mkazi yeyote anayetumia saiba, eCitizen au Wi-Fi ya nyumbani anaweza kulielewa.

Pakiti na safari yake

Hakuna picha inayosafiri ikiwa nzima mtandaoni. Kompyuta huikatakata vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani ya kinakoenda. Pakiti ya kawaida haizidi baiti 1,500, hivyo picha ya simu yenye ukubwa wa megabaiti 3 hugawanywa kuwa pakiti 2,000 hivi. Kila pakiti husafiri peke yake, kisha kifaa cha mpokeaji huzipanga upya. Zikifika kwa kuchelewa, au moja ikipotea ikatumwa tena, mwenye kupokea picha hajali. Picha itafunguka tu, hata kama ni sekunde mbili baadaye.

Sauti haina subira hiyo. Simu ya intaneti hukata sauti ya msemaji mara 50 kila sekunde, kila pakiti ikibeba milisekunde 20 za maneno. Pakiti iliyochelewa nusu sekunde haina faida tena, kwa sababu mazungumzo yameshapita pale ilipotakiwa kusikika. Hakuna anayetaka kusikia silabi ya kwanza baada ya ile ya tano. Kwa hivyo simu huitupa, na msikilizaji husikia pengo.

Tofauti hii ndiyo msingi wa somo zima. Barua pepe, nakala za kumbukumbu na sasisho za programu zina uzito mkubwa lakini zinaweza kungoja. Sauti ni nyepesi lakini haiwezi. Ruta ambayo haijaelekezwa haijui tofauti hiyo. Hupokea pakiti na kuzitoa kwa mpangilio zilivyoingia, kama karani anayeita namba bila kutazama nani amebebwa kwa machela.

Kasi peke yake haitoshi kupima

Anayeuza intaneti hutaja kipimo kimoja, yaani upana wa njia, kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde. (Hapa watu wengi hupotea: kasi huuzwa kwa megabiti, lakini mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Njia ya megabiti 10 hupakua megabaiti 1 na robo kwa sekunde, si 10.) Ubora wa huduma unahitaji vipimo vingine vitatu ambavyo ni nadra kuvikuta kwenye bango.

Cha kwanza ni uchelewaji, muda ambao pakiti huchukua kutoka upande mmoja hadi wa pili. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza kwamba mazungumzo ya simu yasicheleweshwe zaidi ya milisekunde 150 kwa safari ya upande mmoja, na kwamba mitandao isipangwe kwa uchelewaji unaopita milisekunde 400. Ukivuka hapo watu huanza kukatizana maneno.

Sehemu ya uchelewaji ni umbali, na umbali hauna dawa. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 1,000 kwa milisekunde 5, kwa hivyo kutoka Mombasa hadi Nairobi ni milisekunde chache tu. Satelaiti za zamani zinazoning'inia kilomita 35,786 juu ya ikweta ni habari nyingine. Kupanda huko na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, ambazo hata kwa kasi ya mwanga hula karibu robo sekunde kwa upande mmoja. Wakazi wa maeneo yaliyotegemea satelaiti hizo wanakumbuka namna ya kuzungumza nazo: sema, nyamaza, ngoja. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha Nairobi, KIXP, kuanza kazi ya kudumu mwaka 2002, hata barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti zilizo mtaa mmoja jijini ingeweza kupanda satelaiti hadi ng'ambo na kurudi. Shida ya aina hiyo haiponywi na mipangilio ya ruta. Huponywa kwa kufupisha njia.

Sehemu ya pili ya uchelewaji ni kungoja kwenye foleni, na hiyo ndiyo yenye dawa.

Kipimo kinachofuata ni kuyumba kwa uchelewaji. Matatu inayofika kila mara baada ya dakika 20 unaweza kuipangia safari. Inayofika leo baada ya dakika 5 na kesho baada ya 50 huwezi. Simu ya intaneti huhifadhi sauti kidogo kabla ya kuitoa ili kusawazisha mapengo, lakini kuyumba kukizidi akiba hiyo, maneno hukatika. Kipimo cha mwisho ni upotevu, idadi ya pakiti zisizofika kabisa.

Foleni inavyokua

Mtu wa kwanza kuweka hesabu ya foleni za mawasiliano kwenye karatasi alikuwa Mdenishi, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha makala yake ya kwanza kuhusu jambo hilo mwaka 1909. Wakati huo swali lilikuwa idadi ya nyaya na waendeshaji wa switibodi wanaohitajika ili wapigaji simu wasingoje kupita kiasi. Hesabu zilizotokana na kazi yake bado zinatumika, na zina funzo ambalo humshangaza kila anayekutana nalo mara ya kwanza: foleni haikui sambamba na kazi inayoongezeka.

Katika mfano rahisi zaidi wa hesabu hizo, njia inayotumika kwa asilimia 50 humfanya anayepita atumie mara 2 ya muda ambao angetumia kama njia ingekuwa tupu. Ikifika asilimia 80, ni mara 5. Asilimia 90, mara 10. Asilimia 95, mara 20. Nyongeza ya mwisho, ile ndogo kabisa, ndiyo inayovunja mgongo. Yeyote aliyepita barabara ya kuingia mjini saa mbili kasoro asubuhi na kisha saa mbili na nusu anajua jambo hili bila kulifanyia hesabu.

Sasa weka namba kwenye zahanati. Vifurushi vingi hutoa kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Chukulia kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde. Ruta ina kumbukumbu ya kushikilia pakiti zinazongoja, na watengenezaji wengi huiweka kubwa kwa sababu kumbukumbu ni rahisi kununua. Chukulia ni megabaiti 1. Kompyuta ya rekodi inapoanza kupakia nakala zake, inaijaza kumbukumbu hiyo. Megabaiti 1 ni megabiti 8, na megabiti 8 kupita kwenye njia ya megabiti 2 ni sekunde 4. Pakiti ya sauti ya muuguzi ikifika hapo, inasimama nyuma ya foleni ya sekunde 4. Ukinunua njia pana mara mbili, foleni ile ile itashuka hadi sekunde 2. Bado hakuna mazungumzo hapo.

Kinachofanya kompyuta ya rekodi isipunguze mwendo kina historia yake. Oktoba 1986, mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Marekani, sehemu mbili zilizotenganishwa na umbali wa kutembea dakika chache tu, ulishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikituma pakiti, zikikosa jibu, zikituma tena, na kila marudio yakaongeza msongamano. Van Jacobson na Michael Karels walichunguza tukio hilo na mwaka 1988 wakaeleza dawa: kila kompyuta inayotuma data ianze polepole, iongeze mwendo, na ikiona pakiti imepotea ichukue hiyo kuwa ishara ya msongamano, ipunguze. Intaneti ya leo inasimama juu ya adabu hiyo.

Lakini adabu hiyo inategemea kupotea kwa pakiti. Ruta yenye kumbukumbu kubwa haitupi kitu mpaka ijae pomoni, kwa hivyo kompyuta inayotuma haipati onyo mapema. Inaendelea kusukuma. Wahandisi waliopewa sifa ya kulitangaza tatizo hili kwa upana, Jim Gettys akiwa miongoni mwao karibu na mwaka 2010, walilikuta kwenye ruta za majumbani za kawaida kabisa. Mwaka 2012 Jacobson, safari hii akiwa na Kathleen Nichols, walitoa mbinu ya kuipima foleni kwa muda badala ya urefu. Pakiti zikikaa foleni zaidi ya milisekunde 5 na hali hiyo ikadumu kwa milisekunde 100, ruta inaanza kutupa chache makusudi ili mtumaji apunguze mwendo. Kutupa data ili mawasiliano yawe bora ni jambo linalosikika kama mzaha, lakini ndivyo ilivyo.

Kupanga nani apite

Mbinu hiyo huifupisha foleni ya wote. Hatua inayofuata ni kutambua kwamba si wote walio sawa.

Ruta au swichi inayosimamia ubora wa huduma huanza kwa kutambua aina ya pakiti: hii ni sauti, hii ni video, hii ni kurasa za kawaida, hii ni nakala za usiku. Haihitaji kusoma kilichomo ndani. Mara nyingi inatosha kujua kifaa kilichotuma, mlango wa programu iliyotumika, au alama iliyobandikwa juu ya pakiti. Alama hiyo ina nafasi yake rasmi kwenye kila pakiti ya intaneti tangu mwaka 1998: biti 6, zinazotoa namba 0 hadi 63. Kwa desturi sauti hupewa 46, na 0 ni ya mtu yeyote asiye na haraka maalumu.

Kisha ruta hufungua foleni kadhaa badala ya moja. Ya sauti hutolewa kwanza kila mara inapokuwa na pakiti. Zilizobaki hugawiwa njia kwa mafungu, tuseme nusu kwa mifumo ya kazi kama kuthibitisha usajili wa mgonjwa wa SHA, robo kwa barua pepe na kurasa, na kinachosalia kwa wageni. Fungu lisipotumika, wengine huruhusiwa kulichukua, kwa hivyo hakuna kinachokaa bure. Usiku, wakati hakuna simu wala wageni, nakala za kumbukumbu hupata njia yote.

Wakazi hufikiria hapo ambulensi, na mfano huo ni mzuri hadi mahali fulani. Magari hupisha king'ora kwa sababu ving'ora ni vichache. Kama kila gari la mkubwa lingefungwa king'ora, ambulensi ingekwama kama zamani, sasa kwa kelele zaidi. Kwa sababu hiyo foleni ya kwanza huwekewa kikomo, mathalani isizidi theluthi moja ya njia, na pakiti zinazokizidi hutupwa. Fundi anayeweka kila kitu katika daraja la kwanza hajaweka daraja lolote.

Kuna hatua moja ambayo husahaulika sana, na bila hiyo kazi yote ya juu ni bure. Ruta inaweza kupanga foleni iliyo ndani yake tu. Ikiwa njia inaruhusu megabiti 2 na ruta ya zahanati inasukuma kwa kasi ya waya wake wa ndani, foleni itajijenga kwenye kifaa cha kampuni ya intaneti, ambako zahanati haina usemi. Dawa ni kuiambia ruta itume kwa kasi iliyo chini kidogo ya ile ya njia, labda asilimia 90 hivi ya kasi halisi iliyopimwa. Hapo foleni inahamia nyumbani, mahali inapoweza kusimamiwa. Unapoteza sehemu ndogo ya kasi na kupata mazungumzo yasiyokatika. Data inayoingia ni ngumu kidogo zaidi, kwa kuwa foleni yake iko upande wa pili, lakini ruta ikiipunguza mwendo mlangoni, watumaji wa mbali hupata ishara na kupunguza pia.

Wi-Fi ina shida yake tofauti. Hewa ni moja na vifaa hupokezana. Simu iliyo mbali, nyuma ya kuta mbili, huzungumza polepole na hula muda wa wote. Ruta za kisasa hutambua madaraja manne kwenye Wi-Fi, yaani sauti, video, matumizi ya kawaida na kazi za chinichini, lakini kusogeza ruta kutoka kabatini hadi juu ya ukuta mara nyingi husaidia kuliko mipangilio yoyote. Kifaa kisichohamishwa, kama kompyuta ya mapokezi, kifungwe waya.

Mahali mpangilio unapofikia mwisho

Alama ya 46 haina nguvu kila mahali. Pakiti ikitoka kwenye mtandao wa taasisi na kuingia kwa kampuni ya intaneti, kampuni hiyo inaweza kuifuta au kuipuuza, isipokuwa mkataba unasema vinginevyo. Huko nje intaneti hutoa huduma kwa kadiri inavyoweza, bila ahadi. Taasisi zinazounganishwa moja kwa moja kwa faiba, kama makao makuu ya kaunti kupitia uti wa mgongo wa kitaifa wa NOFBI, zina nafasi nzuri zaidi ya kuilinda alama hiyo kutoka ofisi hadi ofisi, mradi vifaa vya pande zote vimepangwa kwa namna moja.

Na mpangilio hauongezi upana. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na majirani zake ikazorota kwa siku kadhaa. Hakuna ruta ya zahanati ambayo ingeurudisha upana uliopotea baharini. Lakini katika siku kama hizo ndipo taasisi iliyojipanga hutofautiana na isiyojipanga. Njia ikibaki robo, taasisi yenye mpangilio bado hupiga simu zake na kulaza nakala za kumbukumbu, na isiyo na mpangilio hukosa vyote kwa pamoja.

Vilevile ikiwa njia imejaa tangu asubuhi hadi jioni kila siku, na kilichojaa ni kazi muhimu tupu, basi jibu ni kununua upana. Ila swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya mtu kupima kinachoijaza.

Nani anaamua

Kuna jambo ambalo vitabu vya kiufundi hulipitia haraka. Kuweka mfumo wa malipo ya ushuru mbele ya video za wageni, au simu ya zahanati mbele ya mkutano wa mtandaoni wa ofisi kubwa, ni uamuzi kuhusu watu. Fundi anaweza kuutekeleza kwa dakika tano, lakini hafai kuachiwa autoe peke yake, kwa sababu atakayepiga simu kulalamika mara nyingi ni yule mwenye cheo, wala si mgonjwa. Mpangilio unaokubaliwa na idara zote, ukaandikwa na kubandikwa, humlinda fundi na humlinda mgonjwa pia.

Katika kituo cha afya mpangilio wa busara si mgumu kuufikiria. Simu za kitabibu ziko mbele. Zinafuatwa na mifumo inayomhudumia mtu aliyesimama dirishani sasa hivi, iwe ni usajili, malipo au matokeo ya maabara. Barua pepe na kurasa huja baadaye, kisha Wi-Fi ya wageni, ambayo ni huduma nzuri na haifai kuzimwa, ila iwe na kikomo chake. Nakala na sasisho zipangwe baada ya saa nne usiku. Shuleni mpangilio utakuwa mwingine, hasa wakati wa mtihani unaosimamiwa kwa kompyuta. Maktaba nayo huenda ikataka wageni ndio wawe wa kwanza, maana wao ndio kazi yake.

Mkataba wa intaneti wa ofisi ya umma nao usomwe kwa jicho hilo. Ukitaja megabiti peke yake, mtoa huduma anaweza kutimiza kila neno lake na simu zikaendelea kukatika. Mkataba unaofaa hutaja pia uchelewaji wa juu unaoruhusiwa na unapimwa kutoka wapi hadi wapi, kuyumba, asilimia ya pakiti zinazoweza kupotea, kasi ya kupakia, kama alama za daraja zinaheshimiwa, muda wa kurekebisha hitilafu, na fidia ya kukosa kutimiza. Wakazi wanaohudhuria vikao vya kushiriki maoni kuhusu bajeti wanaweza kuuliza maswali haya kuhusu miradi ya intaneti katika wadi zao. Ni maswali ya pesa kama yale ya barabara na visima.

Kupima nyumbani

Mkazi anaweza kujua kwa robo saa kama shida yake ni upana au foleni. Hakikisha hakuna anayetumia intaneti nyumbani. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t 8.8.8.8 kisha bonyeza Enter. Namba zitakazojitokeza kila sekunde ni milisekunde za kwenda na kurudi. Ziache zitiririke, kisha kwa simu nyingine iliyo kwenye ruta hiyo hiyo anza kupakia video kubwa. Namba zikitoka 20 au 30 hadi 60, ruta iko sawa. Zikiruka hadi 800 au 2,000, foleni ndiyo shida, na kununua kifurushi kikubwa kutaificha tu. Bonyeza Ctrl na C kusimamisha. Asiye na kompyuta anaweza kutumia tovuti za kupima kasi zinazoonyesha uchelewaji mara mbili, njia ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Fast.com ni mojawapo.

Ikiwa ni foleni, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta na utafute sehemu iliyoandikwa QoS au SQM. Hiyo ya SQM, ikiwepo, ndiyo bora, kwa kuwa ina mbinu ya kupima foleni kwa muda iliyoelezwa hapo juu. Weka asilimia 90 ya kasi uliyopima wewe mwenyewe, si ile ya tangazo, kwa kupakia na kupakua. Pima tena. Ruta nyingi za bei nafuu hazina sehemu hiyo, na kwa hizo kinachowezekana ni kuhamisha kazi nzito: simu ziwekwe zipakie picha usiku, na sasisho za kompyuta zipangiwe saa ambazo hakuna somo wala mkutano.

Ikiwa namba ziko juu hata njia ikiwa tupu, au pakiti zinapotea bila mzigo wowote, tatizo liko nje ya nyumba. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, na yasiposhughulikiwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Andika tarehe na saa, vipimo vya siku tatu au nne vilivyochukuliwa kwa waya badala ya Wi-Fi, asubuhi na jioni, na namba ya malalamiko uliyopewa na mtoa huduma. Barua inayosema intaneti ni mbaya hujibiwa kwa ushauri wa kuzima ruta na kuiwasha. Inayosema kwamba kati ya pakiti 1,000 zilizotumwa saa moja jioni 40 hazikurudi, kwa siku nne mfululizo, ni vigumu kuijibu hivyo.